Wifi Specioza na Tumbo la Mkwe

Wifi yangu Specioza Rutashobya anauza viungo Igoma, na sioni haya kulisema. Ukoo wetu umesoma. Marehemu mume wangu alikuwa hakimu, mdogo wake Byabato alijenga madaraja mpaka alipostaafu, na Specioza mwenyewe alifundisha sayansi kimu sekondari kabla ya kuchoka na chaki na kufungua kibanda. Viungo anavichagua kwa mkono wake, anavikaanga kwenye kikaango kikavu, anavitwanga kwenye kinu, na juu ya kila pakti anaandika jina la Rutashobya. Ndiyo maana nafuatilia biashara ile kama yangu. Pakti ikiwa na mchanga, ni sisi sote tumeuza mchanga.

Jirani yake pale sokoni, kijana muuza dawa za asili anayeitwa Kashindye, ana kipaza sauti kinachojisemea chenyewe tangu asubuhi: vidonda vya tumbo, gesi, presha, nguvu za kiume, karibu mteja. Siku moja nilikuwa nimesimama pale, mama mmoja akamuuliza Specioza kama manjano yake yanaponya vidonda vya tumbo.

"Yananogesha mchuzi," Specioza akasema.

"Mbona Kashindye anasema yanaponya?"

"Basi kanunue kwa Kashindye, mwanangu. Mimi tumbo lilinivimba ndani, nikatafuna tangawizi mbichi, nikanywa kitunguu saumu na ndimu alfajiri, nikalia kama mtoto. Kilichonitibu ni vipimo na vidonge vya hospitali. Viungo vilikuja baadaye, kunirudisha mezani."

Yule mama alicheka, akanunua pakti mbili.

"Mwalimu, utakufa maskini na huo ukweli wako," Kashindye akamwambia.

"Nitakufa nimeshiba."

Huyo ndiye Specioza, na sasa nieleze alivyotuozea mtoto.

Mwanangu Jovitus alikuwa amempata Wilhelmina, mwalimu mwenye adabu, binti wa Mzee Mashimba wa Misungwi. Mzee huyu ni mfugaji mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Alipokuja kwetu Buswelu mara ya kwanza tulimwandalia pilau, mbuzi wa kuchoma na kachumbari ya pilipili kichaa. Hakugusa. Alikunywa maji, akasema ameshiba, akaondoka bila kutaja tarehe ya harusi. Kwetu Wahaya na kwao Wasukuma pia, mkwe anayeacha chakula chako amekwisha kukupa jibu.

"Ametukataa," Byabato alisema. "Tena kwa adabu, ndiyo mbaya zaidi."

Wilhelmina aliapa kwamba baba yake anampenda Jovitus. Akambembeleza mzee arudi mara moja tu. Tulijua sote kwamba akiiacha sahani tena, hakuna mtu mwenye heshima zake ambaye angemwalika mara ya tatu, na Jovitus angebaki na picha za simu.

Specioza alimwita Wilhelmina jikoni.

"Baba yako nyumbani anakula nini?"

"Uji tu, shangazi. Na tangawizi kali anayonunua mnadani. Anakunywa kikombe kizima asubuhi kabla ya kula chochote."

Specioza akacheka mpaka akakalia ndoo. "Mkwe hajatukataa. Mkwe anaumwa kama nilivyoumwa mimi."

"Mwanaume mzima," Byabato akasema kutoka mlangoni, "na ng'ombe wote wale, ashindwe na pilau?"

"Ndiyo maana hasemi."

Mimi nilimkataza asilitaje jambo hilo mezani. Nilimwambia ampikie anachoweza kula, basi. Mkwe haulizwi habari za tumbo lake mbele za watu. Hata mahakamani mambo kama hayo huzungumzwa faraghani. Specioza alikubali upesi mno, na hapo ningepaswa kushtuka.

Jumapili ambayo mzee alikubali kurudi, Specioza alitoka asubuhi kwenda mwalo wa Kirumba, wavuvi wanakoshusha samaki, akarudi na sato wabichi. Alipika ndizi kwa mafuta kidogo. Kwenye mchuzi wa samaki alitia manjano, kipande cha mdalasini, binzari nyembamba ya kuokota kwa ncha za vidole, na tangawizi kidogo iliyochemka pamoja na mchuzi mpaka ukali wake ukalegea. Pilipili aliifungia kabatini. Ndimu nayo aliikataa, ingawa samaki bila ndimu kwangu ni kama barua bila sahihi.

Byabato aliingia akafunua sufuria. "Hiki ni chakula cha wodini."

"Onja."

Akaonja, akachota tena. Mara ya tatu Specioza alimpiga mwiko wa mkono.

Mzee Mashimba alifika na binti yake, tukaamkiana vizuri, akakaa kwenye kiti cha marehemu, kiti ambacho simpi kila mtu. Kwetu mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna. Byabato alimletea kikapu kidogo chenye buni, akakishika kwa mikono miwili.

"Asante," mzee akasema. "Nimekunywa chai njiani. Nimeshiba."

Maneno yale yale ya mara ya kwanza. Kikapu kikabaki hewani. Jovitus akatazama sakafu, Wilhelmina akaanza kukunja ncha ya kitenge chake.

"Mkwe, samahani," Specioza akasema. "Linachoma ukiwa na njaa au ukishakula?"

Nilifumba macho. Nilimsikia Byabato akikohoa.

"Nani amekwambia?" mzee akauliza.

"Tumbo langu."

Ile sauti kubwa ikashuka. "Nikiwa na njaa. Na alfajiri."

"Na ile tangawizi ya mnadani, inakusaidia?"

"Inanitoa machozi. Muuzaji anasema dawa ikichoma ndiyo inafanya kazi."

"Hata pasi inachoma, mkwe, na hatuinywi."

Mzee Mashimba akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo lenyewe, akalishika huku akisema, "Sasa mimi, Mashimba, nimwambie nani kwamba pilau imenishinda? Misungwi wangenitungia wimbo."

"Na sisi tulidhani umetukataa," Byabato akasema.

"Niwakatae ninyi? Mimi niliondoka hapa na njaa, harufu ya yule mbuzi ikanifuata mpaka nyumbani."

"Sasa hii kahawa nifanyeje nayo?" Byabato akauliza.

"Aishike tu," Specioza akajibu. "Mkono hauna vidonda."

Mzee akachukua punje moja, akaitia kwenye mfuko wa shati, na Byabato akaridhika, kwa sababu imepokewa.

Chakula kilipokuja, mzee alianza kwa woga, kijiko kidogo kidogo, akisikiliza ndani yake. Alipoona kimya huko, akasogeza sahani karibu. Nilimwona Wilhelmina akifuta macho na kutabasamu kwa wakati mmoja. Nikawaongezea wote ndizi, ili mikono yangu ipate kazi.

"Dada, haya magome na mizizi yako ndiyo dawa hasa," mzee akasema. "Nitachukua gunia."

"Utachukua pakti moja, ya mchuzi. Haya yanakutuliza leo, ugonjwa hayaufukuzi. Kwanza hospitali, wakupime wadudu wanaoleta vidonda tumboni."

"Harusi kwanza."

"Hospitali kwanza. Sitaki mkwe anayekaa meza kuu na kikombe cha uji."

Mzee akanigeukia. "Mama Jovitus, huyu ni mkali hivi kila siku?"

"Kila siku," nikamjibu. "Ni mtoto wa nyumba hii."

Akafikiri, akachukua kipande kingine cha ndizi. "Haya. Hospitali naenda. Nikimaliza tu vidonge watakavyonipa, Jumamosi inayofuata ni harusi. Na kwenye pilau wekeni kila kitu isipokuwa pilipili."

Wilhelmina akapiga kigelegele cha chinichini, na Specioza akamwitikia kwa kile ambacho majirani wote wa Buswelu walikisikia. Jovitus alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Baba, twende."

"Wapi?"

"Hospitali."

"Leo Jumapili, mwanangu. Kaa ule."

Jovitus akakaa, lakini funguo hakuziachia, na samaki wake alimalizwa na mkwe.