Maziwa Yaliyoonjwa

Kwetu Uha mgeni huonjewa. Ukimpa pombe, togwa au maziwa, unapiga funda moja wewe kwanza, mbele ya macho yake, ajue hakuna sumu, ndipo unampa. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Nani amtilie mwanawe sumu?

Tulipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mama yangu, mjane, alipangiwa nyumba upande wa Heru Juu, katikati ya watu asiowajua. Mtoto wa jirani akafa kwa kuharisha. Juzi yake alikuwa amekunywa maziwa kwa mama. Basi, hukumu ikawa imetoka. Watu wanaochota maji pale pale ng'ombe wanapokojoa, nusu yao wakiharisha, wakaona mchawi ni mjane mwenye ng'ombe mmoja. Walinichefua. Balozi wa nyumba kumi alimwambia mama wazi: mavuno yakiisha na hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake, ahame.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Kasulu mjini, barazani kwa duka la Baniani mmoja mzee. Kila Jumapili nilimpelekea mama chumvi na sabuni, kisha nikarudi bila kula, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu.

Mzee yule alifunga kila Jumamosi, akafukiza udi mbele ya picha ya mungu wao mwenye uso wa nyani, ambaye wao humwomba ushujaa. Alipenda kunihubiria nikitunga uzi.

"Fundi, hofu natoka wapi? Weye naona mtu ingine, nasema huyu yeye, hii mimi. Kama iko mbili, iko hofu. Lakini Mungu iko moja. Nakaa ndani yako, nakaa ndani yake. Sasa taogopa nani?"

Maneno matamu! Lakini kikombe chetu sisi Waafrika kilikuwa cha bati, kimetundikwa kwenye msumari nje. Na chochote kilichoguswa na mdomo wa mtu, hata wa mkewe, yeye hakukitia kinywani. Kwao ni najisi. Niliwahi kumwona akimwaga birika zima la chai kwa sababu mtu alikuwa ameionja kwa kijiko kama sukari imetosha. Unafiki ule ulinitia kinyaa. Siku moja nikamweleza habari za mama, kisha nikamtupia swali:

"Mzee, kama Mungu wako ni mmoja, mbona vikombe ni viwili?"

Jioni, akifunga milango, alisema, "Siku ya soko ambia mama yako lete maziwa. Mimi takunywa. Watu yote taona."

Mama akaja na kibuyu. Wanakijiji wake walikuwa wamejaa sokoni, wakasogea barazani, balozi mbele yao. Mama alipiga goti, akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye", na kwa adabu yake yote akapiga funda moja kabla ya kumpa mzee. Sikuwa nimemwonya. Hata sikukumbuka.

Mzee aliutazama mdomo wa kibuyu, umelowa. Alifumba macho, midomo ikacheza kwa dua yake, kisha akanywa. Mafunda matatu. Akarudisha kibuyu, akakimbilia nyuma ya duka, na sote tukamsikia akitapika.

"Sumu!" mtu alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Mzee alirudi akifuta ndevu, macho mekundu. "Hapana sumu. Hii tumbo yangu tu, tangu toto. Nakataa mdomo ya mtu." Hakuna aliyemsikiliza. Akachukua kibuyu, akakiweka juu ya cherehani yangu. "Fundi, kunywa. Weye toto yake."

Nilijua. Katika umati ule mzima ni mimi peke yangu niliyejua vizuri kwamba mzee ametapika mdomo wa mtu, si sumu. Nilikishika kibuyu, kilikuwa bado na joto la maziwa. Mama alikuwa ananitazama.

"Nimeshakula," nilisema.

Nyani haoni kundule. Tangu mtoto yule afe sikuwa nimetia kinywani chochote cha mama, na njia ya Heru Juu haikuwa ndefu hata kidogo. Nimechukizwa na watu wengi maishani, lakini sijamwona wa kumfikia yule aliyekaa nyuma ya cherehani siku ile.

Mama alikichukua kibuyu chake, akanywa yote, maziwa yakimchuruzika kidevuni, kisha akakipindua chini juu watu waone. Balozi akageuka, akaondoka. Hawakumhamisha.

Jumapili iliyofuata nilikaa mpaka chakula kikaiva. Ugali wa muhogo na maharage. Nilinawa, na kabla sijanyoosha mkono mama alimega tonge, akachovya, akala yeye kwanza, akinitazama mpaka akameza. Ndipo akanisogezea sahani.

"Karibu," alisema.