Sare ya Mama Niliyoivisha Katuni

Mkasa huu nakuhadithieni kwa sharti moja, msinitazame usoni, maana mpaka leo nikipita Wambaa kofia naishusha mpaka kwenye nyusi, mimi, mtu niliyeondoka Pemba na begi moja, nikauza juisi Dar es Salaam, nikajilipia chuo mwenyewe na kurudi na diploma ya michoro ya kompyuta (imo ndani ya fremu sebuleni kwetu Wawi, mgeni haondoki bila ya kuiona).

Kazi yangu ni kuwavisha watu wasiokuwepo. Wenye kutengeneza michezo ya simu hunitumia picha za wahusika wao nami nikabadilisha rangi za nguo, kanzu ile ile mara ya buluu, mara ya kijani, mara ya udongo, ili mchezaji achague aipendayo. Siku hizo nilikuwa na picha ya mama mmoja wa harusini, dera refu, mkono kiunoni, na mwenye mchezo kakataa kila rangi niliyompelekea. Anataka rangi "yenye uhai".

Kwetu nako kulikuwa na harusi, dada yangu Zuwena anaolewa na kijana wa Wambaa. Sare zetu mnazijua, upande wa bibi harusi una kitambaa chake na upande wa bwana harusi una chake, na kila upande hukificha mpaka siku yenyewe. Mama alikificha chetu kabatini chini ya mashuka, rangi ya bizari na maua ya zambarau, na kashaapa kwamba wakwe hawatapata pa kumcheka, si kwenye nguo wala kwenye sahani. Kila baada ya sala alikuwa akiliombea hilo.

Basi mimi nikaenda kabatini kutafuta shuka, nikakiona. Nikasema, uhai si ndio huu! Nikakipiga picha, nikainyonya rangi kwa kompyuta nikamvisha yule mama, maua na yote, na wallahi alipendeza mpaka nikakaribia kumwamkia. Hapo ningeifunga kompyuta nikalala zangu. Lakini kazi kama ile ikae gizani? Nikaitia kwenye stetasi ya simu yangu na maneno haya: "Vazi la harusi yetu, fundi ni mimi, njooni mlione!" (Mama simu yake ya vitufe, kwa hiyo nikajiona mjanja.)

Siku ya harusi nilikuwa uani kwenye masufuria na wanaume wenzangu. Tukasikia gari za Wambaa zinaingia, vigelegele juu, halafu ghafla vigelegele vikakatika, pande zote mbili. Nikasema labda wamechoka. Pilau ikaiva, nikachungulia mlangoni, nikamwona mama mmoja kavaa sare yetu, kasimama tu anajipepea.

"Mama mdogo, mbona umesimama kama mgeni? Shika sufuria hili uwapelekee wakwe!"

"Mie?"

"Kwani yupo mwengine hapa? Hebu fanya haraka, hawa watu wa Wambaa wana midomo!"

Akanitazama kidogo, akalibeba. Nami nikamfuata na bakuli za kachumbari, naona nimeisimamia shughuli sawasawa. Tulipofika ukumbini mama yangu akapiga ukelele.

"Bi Mize! Nani kakubebesha sufuria?"

"Kijana wako huyu. Kanambia nifanye haraka, watu wa Wambaa wana midomo."

Bi Mize ndiye mama mzazi wa bwana harusi (nilikuwa sijapata kumwona ila kwa nikabu, nihurumieni). Nikainua macho, ukumbi mzima bizari na zambarau, huku kwetu bizari, kule kwao bizari, huwezi kujua nani mkwe nani mpishi.

"Na sare hii, Bi Mize," mama akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "mmeipata wapi?"

"Si mwanao katutangazia kwenye simu? Tukasema wenzetu hawa waungwana, wanataka tuvae kitambaa kimoja. Tukaenda Chake tukakimaliza dukani."

Mama alinigeukia. Sikuwa na pa kuziweka bakuli, wala pa kujiweka mwenyewe. Machozi yalikuwa yashamlenga, na hapo ndipo nilipojua nimemharibia kitu gani, si kitambaa, ni ile dua yake. Lakini Bi Mize akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi, na kina mama wote wakamfuata.

"Usilie, mwenzangu," akasema. "Mie sina la kukucheka wewe. Namcheka huyu. Kesho kutwa kwetu karamu ya walima, nipe yeye aje abebe."

Mama akanitoa pale pale, bila ya kuniuliza. Nikaenda Wambaa nikabeba masufuria kutwa, nimefungwa kiunoni kipande cha kitambaa cha bizari kilichobaki, kila mtu ananiita, "Diploma, lete maji! Diploma, mchuzi huku!" Mama alikaa na wakwe zake mkekani, akicheka kuliko wao.

Tangu hapo nimeapa, rangi sitazami kwenye kabati la mtu, na kwenye stetasi siweki hata jua. Na yule mwenye mchezo? Alinijibu wiki ile ile, rangi inawaka mno, nibadilishe.

Yule mama wa kwenye picha nimemvisha baibui jeusi, na sijamwonesha mtu.