Boriti ya Mkonge Chini ya Morisi

Zebedayo alirudi kutoka vita vya Hitla na sanduku la spana na mkono mwepesi. Sanduku alilitia kufuli. Mkono hakuufunga kamwe, na soko zima la Same lilijua hivyo. Aliyejua zaidi ni mkewe, Kaanaeli, maana ndiye aliyekuwa akimpa spana kazini. Akiombwa ya nusu inchi akatoa ya robo tatu, alizabwa kofi palepale mbele ya wateja, nao wateja wakainua macho kuitazama milima kana kwamba wanatafuta mvua. Hivyo ndivyo mwanamke yule alivyojifunza ufundi wa magari.

Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa teke. Watu walisema ameanguka na ndoo ya maji, naye akasema vivyo hivyo. Sasa alikuwa na nyingine, changa, na hakumwambia mtu. Hii itazaliwa, alijiapia.

Asubuhi moja Lukasi, karani wa wakulima wa kahawa huko Shighatini, aliacha gari yake aina ya Morisi uani. Ilikuwa kuukuu, pua imeinama, na kila korongo la barabara ya mlimani lilikuwa linaigonga tumbo. Alitaka inyanyuliwe mbele. Angeipitia alasiri.

Chini ya sakafu ya Morisi kuna fimbo mbili nene za chuma, moja kila upande, zilizosokotwa kama nguo inayokamuliwa. Msokoto huo ndio unaobeba pua ya gari. Mwisho wa kila fimbo pana wenzo uliofungwa kwa bolti. Ukitaka pua ipande, unausukuma wenzo kwa jeki, msokoto unazidi, kisha unahamishia bolti kwenye tundu la pili. Jeki ikiponyoka, wenzo unaruka, na ole wako ukiwa na kiungo karibu.

Zebedayo aliiweka gari juu ya magogo, akamaliza upande wa kwanza bila taabu. Upande wa pili ardhi ilikuwa imebonyea na jeki haikufika. Akaokota kipande cha boriti ya mkonge, lile shina refu la ua lake, akakilaza chini ya jeki.

Kaanaeli alizaliwa nyikani huko Kifaru, kwenye mashamba ya mkonge, katika nyumba iliyosimamishwa kwa boriti za mkonge. "Fundi, hiyo usiiamini," alisema. "Ganda tu ndilo gumu. Ndani ni laini kama mkate."

Zebedayo alikuwa mtu wa Msangeni, mlimani. Mkonge aliuona akipita barabarani tu. "Mtu wa nyika unifundishe mimi kazi?"

Kofi lilimpata shavuni, akaona nyota. Akauegemea ukuta, mikono yote miwili tumboni. Alikuwa amekwisha kusema.

Fundi akajivuta chini ya gari, akaanza kupandisha jeki. Boriti ikalia, ikapasuka, ikanywea. Jeki ikalala ubavu, na wenzo ukaruka ukaubana mkono wake wa kulia kwenye chuma cha chesisi. Kaanaeli aliusikia mfupa kabla ya kusikia yowe.

"Jeki! Lete jeki, mbwa wewe!"

Jeki ilikuwa imebiringika mpaka miguuni pake. Akaiokota pamoja na mpini wake wa chuma, akasimama. Damu ilichuruzika mchangani. Alifurahi. Alifurahi mpaka furaha yenyewe ikamtisha.

"Kaanaeli! Mke wangu, nakufa!"

Akawaza: akifa hapa, mwanangu atakuwa mtoto wa muuaji. Akaburuta jiwe bapa, akaweka jeki juu yake, akalala ubavu, akazungusha. Wenzo ukaachia kidogo kidogo, na mkono ukachomoka. Zebedayo akatambaa kwenda nje akilia. Kaanaeli akabaki chini, akazidi kupandisha mpaka tundu likalingana, akapenyeza bolti, akaikaza kwa spana ya robo tatu.

Alipotoka tu, alishikwa nywele.

"Umekawia makusudi!" Mkono wa kulia wa fundi ulining'inia kama kitambaa, lakini wa kushoto ulikuwa mzima, na mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Mguu uleule.

Kaanaeli alikuwa bado na mpini wa jeki. Alimpiga goti lile jingine lililombeba. Likavunjika. Akampiga tena alipokuwa anaanguka. Mara ya tatu aliuinua mpini juu ya kichwa cha mumewe, akauacha huko juu. Kisha akaushusha taratibu kando, akaiondoa gari kwenye magogo kwa jeki.

Lukasi aliporudi alasiri alimkuta fundi chini akigumia, mkewe akinawa damu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Gari yako tayari. Huyu mfikishe zahanati. Mimi nishushe Kifaru, sirudi tena."

Lukasi alilitazama goti, akalitazama shavu lililovimba. Milima ilikuwa palepale, lakini hakuitazama. "Panda mbele, mama," alisema.

Walimwacha fundi zahanati, wakashika barabara. Baada ya daraja palikuwa na korongo baya, na Kaanaeli aliliona linakuja. Akafumba macho, akalikumbatia tumbo lake, akangojea kipigo kama alivyozoea. Gari ikazama, ikapanda, haikugusa jiwe. Hata hivyo hakuondoa mikono mpaka Kifaru.