Kesi ya Shati la Kijani

Kama ulikulia Kirumba miaka ile televisheni zilipoanza kuonekana mitaani, bila shaka unakikumbuka kibanda cha Baba Neema. Kama hukukulia Kirumba, basi mtaani kwenu nako kulikuwa na kibanda chenu, na mwenye kibanda alikuwa na fimbo ya kuwazuia watoto wasisogelee kioo. Cha kwetu kilikuwa cha mabati matupu, kwenye njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, na harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa iliingia mle ndani bila hodi. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kinaanza kucheza chenyewe, kinatafuta pa kubonyeza.

Baba Neema alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha serikali mpaka walipoanza kupunguza watu. Wenzake waliopunguzwa walifungua magenge ya nyanya na vitunguu, wengine wakanunua baiskeli za kubebea abiria. Yeye alikwenda mpakani Sirari akarudi na televisheni ya inchi kumi na nne, mashine ya gemu na kaseti tatu za njano. Mtaa mzima ulimwona amechanganyikiwa. Mke wake aliifunika ile televisheni kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na kila tulipofika tulisubiri kitambaa kiondolewe tukiwa kimya, mikono mapajani, utadhani tumekwenda kubarikiwa.

Wasichana tulianza wawili, halafu mwenzangu akapigwa marufuku na baba yake, nikabaki mimi na wavulana kama kumi juu ya makreti ya soda. Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya. Mama alivumilia kwa muda, kisha jioni moja akaniuliza, huku anapepeta mchele wala hanitazami, "Kwaya gani hiyo, Kabula, miezi mitatu hata wimbo mmoja hujaleta nyumbani?" Niliimba ubeti mmoja wa wimbo wa Krismasi. Tulikuwa mwezi wa saba. Nilichapwa, na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena.

Gemu yenyewe jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo tukaipa letu: Furushi. Kijimtu chenye shati jekundu kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mgongoni kina furushi kubwa kuliko chenyewe. Kinaruka mashimo, kinakwepa watu wenye kofia na marungu. Ukilipa hela yako una roho tatu, zikiisha unampisha mwenzako na unakwenda kukaa nyuma kabisa. Kaseti zilikuwa tatu, Furushi la Kwanza, la Pili na la Tatu, na zote zilikuwa zimejaa mambo yasiyoeleweka.

Hayo mambo yasiyoeleweka ndiyo tuliyoyaita kesi. Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao. Mchana ukiwa katikati ya steji ya tano, kioo kinazima, watoto wanaguna kwa pamoja, Baba Neema anatoka nje kuvuta sigara yake, na sisi tunafungua mahakama. Hakuna aliyekwenda kwao, maana ukiondoka umepoteza kreti lako. Mmoja anatoa hoja, mwingine anapinga, na hukumu inatolewa kwa kupiga vigelegele au kuzomea.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya maji. Kile kijimtu kikigusa maji tu, hata ya kifundoni, kinakufa. Sisi tuliokuwa tunajitupa ziwani kila siku baada ya shule jambo hili lilituuma sana. Mwanamume mzima anakufaje kwenye maji ya kifundoni? Wengine walisema mamba. Hoja iliyoshinda ilikuwa yangu, nami nailinda hadi leo: ni kichocho. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa amekwisha kututisha kuhusu kichocho kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kunipinga. Na furushi je, lina nini ndani? Ochieng, ambaye mama yake aliuza samaki, alisema ni minofu ya sangara iliyotoroshwa kiwandani. Mahakama ikaamua ni mitumba, kwa sababu wale wenye kofia na marungu ni mgambo, na mgambo kazi yao ilikuwa kukimbizana na wauza mitumba. Tulikuwa tunawaona kila siku, hakuhitajika shahidi.

Kesi kubwa ilikuwa ya shati. Mwishoni mwa Furushi la Kwanza, kijimtu chekundu kinaingia kwenye mlango mkubwa mweusi, mlango unafungwa, yanatokea maandishi, Baba Neema anachomoa kaseti, basi. Hakitoki tena. Unaweka Furushi la Pili, unakuta kijimtu kile kile, furushi lile lile, mwendo ule ule, ila shati ni la kijani. Kwa nini? Tulihangaika na kesi hiyo wiki nzima, wengine wakisema amefua, wengine wakisema mgambo walimjua kwa shati jekundu ndiyo akabadilisha.

Ndipo Doto aliposimama. Doto alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mpole, mwenye kichwa kikubwa na masikio yaliyosimama. Akasema huyu si yule. Yule wa kwanza ni Kulwa, ameingia mlangoni na hajatoka. Huyu wa kijani ni Doto, anamfuata nduguye.

Kibanda kizima kilipiga vigelegele. Jinsi jambo lilivyokuwa wazi, tuliona aibu kwa kutoliona wenyewe. Usukumani ukiona watu wawili wanaofanana hivyo, utawaita nani zaidi ya Kulwa, pacha wa kwanza, na Doto, wa pili? Na kule kwenye Furushi la Tatu, ambako kijimtu ni kifupi zaidi na kinene, jibu lilikuja lenyewe: huyo ni Shija, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Ochieng peke yake alikata rufaa, akisema kwao Rorya hao ni Opiyo na Odongo. Tulibishana juu ya majina siku tatu. Juu ya upacha wao hakuna aliyebisha hata kidogo, na wala haikutujia kwamba waliotengeneza gemu ile, huko walikokuwa, hawajawahi kumsikia Kulwa wala Shija.

Niseme sasa jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Doto wetu naye alikuwa na Kulwa wake. Baba yao alikuwa amepunguzwa kazi kama Baba Neema, ila yeye hakurudi na televisheni, alirudi na kikohozi na hasira. Chakula kikawa cha taabu. Baba yao mdogo aliyekuwa kisiwani Ukerewe akasema nipeni mtoto mmoja nimlee, atanisaidia shamba na uvuvi. Kulwa akaenda. Walisema atarudi Krismasi. Krismasi ilipofika, meli ilileta gunia la mihogo mikavu na salamu.

Kuanzia siku ile ya kesi, Doto hakutaka kucheza kaseti nyingine. Ni ile ya pili tu. Hakuna aliyewahi kuimaliza, steji ya nane ilikuwa ngumu kama jiwe. Alicheza huku anauma ulimi, shingo imekakamaa, na akipoteza roho ya mwisho alinyanyuka akaenda kusimama ukutani. Siku moja tukirudi nyumbani akaniambia kwamba wa kijani akifika kwenye ule mlango mweusi, utafunguka na nduguye atatoka. Kisha akaongeza, polepole, "Wakikutana hawa, na Kulwa atarudi." Hakuwa anatania. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamwamini.

Wiki hiyo hiyo nilimkuta Baba Neema peke yake anasafisha kaseti kwa spiriti na kipande cha pamba. Nikamwamkia, nikamuuliza nini kinatokea mwisho wa Furushi la Pili, kwani yeye ndiye mwenye gemu. Akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba kaseti zote ni za bandia. Wajanja walichukua gemu moja wakaibadilisha shati, wakaiuza mara ya pili kama mpya. Ile ya tatu si ndugu yao kabisa, ni gemu nyingine iliyobandikwa karatasi yenye picha ya furushi. Mlango mweusi nao hauna kitu. Ukimaliza, gemu inarudi mwanzo. Akaniomba nisiwaambie wenzangu, wasije wakakosa hamu.

Niliondoka pale nimebeba kitu kizito. Kila Doto aliponionyesha namna mpya ya kuvuka shimo la steji ya saba, maneno yalinifika ulimini. Sikuyasema. Nilijiambia hatafika huko mwisho, kwa hiyo hakuna haja ya kumuumiza. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, kwa sababu alifika.

Ilikuwa Jumamosi mchana, umeme ulikuwa umeshikilia tangu asubuhi. Doto alivuka steji ya nane akiwa na roho moja. Watoto walipanda juu ya makreti. Wauza dagaa wawili walichungulia mlangoni, na hata mke wa Baba Neema alikuja na mwiko mkononi. Wa kijani akaukaribia mlango mweusi, ukafunguka, akaingia, ukafungwa. Kioo kikawa cheusi. Nikafumba macho, maana nilijua kinachokuja.

Niliposikia kelele nikafumbua. Gemu ilikuwa imerudi steji ya kwanza kama nilivyoambiwa. Lakini kijimtu kilichosimama pale, na furushi mgongoni, kilikuwa na shati jekundu.

Wavulana walikumbatiana. Kulwa ametoka, Kulwa ametoka, walipiga makelele mpaka Mwaloni. Nilimtazama Baba Neema, naye alikuwa ameacha mdomo wazi. Doto hakushangilia. Alikiweka chini kile kidude cha kuchezea, taratibu, kama kinaweza kuvunjika, akasema, "Doto ameingia ndipo Kulwa akatoka."

Siku ya Jumatatu hakuja shule. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba Kulwa amekaa kule vya kutosha, sasa yeye aende na mwenzake arudi. Mama yao alilia, baba akafoka, kisha akakubali, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kitu cha haki. Baba yao mdogo alipokuja mjini kuuza machungwa, aliondoka na Doto. Nilikwenda bandarini kumuaga nikiwa na sare za shule. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga ya mama yake, ameibeba mgongoni. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale kwamba lile shati lilikuwa kasoro ya kaseti ya bandia, asiende. Nikampa andazi. Meli ikapiga honi.

Kulwa alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa mweusi kwa jua na hajui kushika kile kidude cha kuchezea. Tulimpa kreti la Doto. Alisoma, akafaulu, leo ni mhasibu ana nyumba Nyegezi. Doto aliachia shule darasa la sita, akaingia kwenye dagaa. Wanafanana bado, ila ukiwapa mikono utajua yupi ni yupi kwa viganja.

Mimi sasa niko Buhongwa na nina mtoto wa miaka kumi na mmoja, Joshua, ambaye kutwa anaangalia kwenye simu watu wengine wakicheza gemu. Kwetu kuangalia kulikuwa adhabu ya asiye na hela. Yeye anaona ndiyo starehe yenyewe, na umeme ukikatika ananiuliza simu ina chaji asilimia ngapi, basi. Juzi nilimsimulia kesi ya shati la kijani. Nilifika kwenye kijimtu chekundu, nikanyamaza kidogo ili aonje utamu. Hakuonja. Alibonyeza bonyeza, akaniambia, "Mama, ni kosa la rangi tu. Gemu za bandia nyingi zilikuwa hivyo." Nusu dakika haikupita. Sisi tulikaa na jambo lile miaka.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri, na asubuhi nikampigia Doto. Yuko Nansio, kule kule Ukerewe, ana mitumbwi miwili. Baada ya salamu na habari za watoto, nilimwambia yote: kaseti ya bandia, Baba Neema na spiriti, yale niliyoyajua na kuyaficha mpaka bandarini. Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba ningesema, angesoma.

Alicheka, kicheko chake kile cha chinichini. Kumbe Baba Neema alimwita na yeye pembeni, siku mbili kabla ya ile Jumamosi, alipoona jambo limemshika mno, akamweleza kila kitu.  Nikamuuliza, kama alijua, alikwendaje?

"Kabula," akasema, "Baba mdogo alipokuja mara ya kwanza aliniomba mimi. Nikajificha chooni. Kulwa akajitaja yeye ni Doto, akapanda meli; nyumbani walipogundua, walidhani baba mdogo amechanganya mapacha tu. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo nyumbani, nikakosa. Sasa nyinyi mlipoanza kupiga makelele kwamba Kulwa ametoka, niliona aibu akirudi mtu wa kwenye televisheni na wa kwetu bado."

Tuliagana. Joshua alikuwa sebuleni, kichwa kimeinama kwenye simu. Nilitamani kumwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kwamba watoto kumi tuliokaa juu ya makreti tulikosea kila kesi, kuanzia kichocho hadi Shija. Nilikaa kando yake nikamwomba anionyeshe anaangalia nini, akanionyesha, nami sikuelewa kitu. Nilikuwa nawaza mtoto aliyejua kabisa kwamba nyuma ya mlango hakuna mtu, akaingia hivyo hivyo ili ndugu yake atoke.