Inzi wa Mpera Wangu

Miaka ile ya thelathini, meneja wa shamba la chai alikuta mabuu ndani ya mapichi yake, na lawama yote ikauangukia mpera wangu. Nyapara alikuja mpaka mlangoni kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi, akasema, "Mama, hii mti yako imeleta wadudu kutoka ziwani. Itakatwa."

Nilipandwa na hasira. Mbegu ya mpera ule nilipewa na mama yangu siku nilipotoka kwetu ziwani kumfuata mume wangu Kericho, akanifungia kwenye pindo la kitambaa. Mama alikuwa ameshafariki. Sikuwa na kitu kingine cha kwake.

Bahati nzuri, kabla ya shoka alikuja mzungu wa wadudu, ameitwa kutoka Nairobi. Alisema mabuu yanafanana mno. Inzi hutambulika vizuri akishapata mabawa, kwa madoa na mistari yake. Basi matunda yangu yafungiwe chomboni mpaka inzi watoke.

Jirani yangu, mama wa Kikipsigis aliyekuwa akituletea maziwa, alinipa kibuyu chake kizuri kuliko vyote. Alikuwa amekisugua ndani kwa kijinga cha moto na kukijaza moshi, kama wanavyofanya kabla ya kutia mursik, maziwa yao ya kugandisha. "Hapa ndani hakuna kitu itaoza," alisema kwa fahari.

Na kweli, hakikuoza kitu. Tulipofungua, mabuu yote yalikuwa yamekufa, meusi kwa masizi. Nyapara alishaleta shoka. Mzungu alinusa kibuyu, akacheka peke yake.

"Hii nyumba ya maziwa, hapana ya inzi," akasema. Akaniachia debe lenye mchanga wa mabuu kujifukia, mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa chepesi. "Tuanze tena."

Nilichungulia debe lile kuliko nilivyochungulia sufuria. Mume wangu akawa ananiuliza kama ugali nao unasubiri mabawa. Hatimaye wakatoka, inzi wadogo wenye madoa ya kahawia mabawani. Mzungu aliwatazama kwa kioo cha kukuzia, pamoja na wale wa mapichi, na wale wa matunda ya mwituni aliyookota kuanzia Roret hadi kwetu. Wote walikuwa wa aina moja.

"Huyu inzi hakuja na mama," alimwambia nyapara. "Yeye nakaa msituni zamani, mbele ya chai kuja. Kama nataka kumaliza yeye, kata msitu yote."

Nyapara akaondoka na shoka lake. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Jirani yangu alichuma pera, akalipasua, akatoa buu kwa ukucha, akala tunda. "Kumbe huyu ni wa kwetu," alisema akitafuna. "Basi na mti ni wa kwetu. Nipe mbegu, mama, nipande kwa boma yangu."

Nilizichagua zilizo nzima, nikamfungia kwenye pindo la kitambaa chake.