Kinyago cha Mdomo Uliofumbwa

Kwa miaka kumi na minane Fanodikos alijipatia riziki kwa kufa. Athene nzima ilikijua kilio chake, ingawa wachache waliijua sura yake. Katika michezo ya msiba hakuna anayeuawa mbele ya watu: muuaji na muuawa huingia ndani, mlango hufungwa, na watazamaji, waliokaa kwenye mteremko wa mlima, husikia tu. Waliyekuwa wakimsikia ni yeye. Wauza samaki walimlalamikia mkewe, Melita: "Mumeo jana kaniharibia usingizi!"

Waigizaji wanaosema ni watatu tu, ndiyo desturi, naye alikuwa wa tatu. Akishauawa akiwa malkia, hubadilisha kinyago na joho kule nyuma, akatoka akiwa mjumbe kuja kusimulia malkia alivyokufa.

Majira ya baridi ya mwaka ule koo likaanza kumkwaruza. Akaacha divai, akaramba asali, nyumbani akawa anaongea kwa vidole. Siku tatu kabla ya sikukuu ya mungu Dionisio, ambapo michezo hushindanishwa, akatema damu. Melita akakiona kitambaa.

"Baba Lisia, mwambie Sosandros," alimsihi. Sosandros ndiye mwigizaji mkuu, aliyemchukua katika kundi lake. "Bado kuna muda wa kutafuta mtu."

"Nikimwambia, nimekwisha."

"Na usipomwambia?"

Akakitupa kitambaa motoni.

Siku ilipofika, Sosandros alimfuata ndani ya mlango na upanga wa mbao. Fanodikos akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akalia. Hakuwahi kulia vile. Huko nje maelfu ya watu wakanyamaza, na kooni mwake kitu kikachanika. Akavua kinyago cha malkia, kikamponyoka mikononi, akavaa cha mjumbe. Alitaka kusema hawezi, ikatoka hewa. Akashika koo, akatikisa kichwa.

"Mzee, usinitanie leo," Sosandros alinong'ona, akidhani ni woga. "Toka!" Akamsukuma.

Kiongozi wa kwaya akamuuliza kwa wimbo: mjumbe, umeona nini huko ndani? Mistari tisini ilikuwa kichwani mwake, hata mmoja haukupotea. Akafungua kinywa. Kimya. Kiongozi, mtu mwema, akaliimba swali upya, na mpiga zumari akarefusha muziki wake, wakimpa nafasi. Kimya.

"Sema, baba!" mtu akapaza sauti toka juu. "Au malkia kafa na ulimi wako?"

Kicheko kikaporomoka mlimani. Wakaanza kugonga mabenchi kwa visigino, tini zikarushwa. Fanodikos akageuka, akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili. Alitaka walitoe lile jukwaa la magurudumu ambalo mwishoni huleta maiti nje, angalau watu waone alichoshindwa kuwasimulia. Wasukumaji wakashtuka, wakalisukuma kabla ya wakati. Maiti ilikuwa sanamu ya nguo iliyovikwa nusu, haina kinyago, majani makavu yakichungulia shingoni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Fanodikos akapiga magoti, akawa anavuta joho huku na huku, afunike yale majani.

Katika mashindano walishika mkia. Melita alipomweleza habari ya damu, Sosandros hakumgusa Fanodikos, hakumtukana.

"Siku tatu, Fanodikos," alisema. "Siku tatu ulikuwa unajua. Ningekuacha upumzike, nikakurudisha mwakani."

Mwakani sauti haikuwapo. Ilibaki pumzi tupu, ambayo hata Melita ilimbidi atege sikio kuisikia. Mkewe alizunguka naye milango ya matajiri wanaogharimia michezo, yeye ndiye msemaji. "Anaweza kusimama," aliwaambia. "Kusimama anajua."

Katika mchezo mmoja wakamfanya mlinzi wa kasri, mwenye mkuki. Kinyago cha watu wasiosema hakitobolewi kinywani. Midomo yake imefumbwa. Siku ya kwanza ya mazoezi, kijana mmoja wa mji wa Elefsina, mwigizaji mpya wa tatu, aliingia ndani, mlango ukafungwa, akalia. Alilia mapema mno, tena kwa kifupi. Kifua cha Fanodikos kikajaa pumzi chenyewe, kana kwamba ni yeye wa kulia.

Kesho yake hakwenda mazoezini. Keshokutwa yake akaenda, kwa kuwa nyumbani hakuwa na la kufanya.