Mimi Ndiye Ukinzani wa Nyumba Hii

Bibi aliita kutoka chumbani kwake: "Jamani, leo godoro langu lina joto zuri!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikatoka mbio.

Ngojeni nianze mwanzo, ili mkimdharau mtu mumdharau kwa haki.

Dada yangu mkubwa ameolewa na mwanamume mmoja tunayemwita Injinia. Umeme hajausomea popote. Cheo alijipa mwenyewe siku aliyonunua testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, na tangu hapo testa haitoki kwenye mfuko wa shati, hata msibani.

Mimi nasuka mota zilizoungua. Ndiyo kazi inayonilisha. Lakini kwa mama mimi ni kitinda mimba tu, na nikisema neno pale nyumbani ni kama redio ya jirani, inasikika ila hakuna anayeisikiliza.

Jumapili hiyo nafika mchana, nakuta watu wanapiga makofi. Jiko la koili la mama limeiva wekundu ambao sijawahi kuuona, na sufuria ya maji inatokota ukumbini kwa fujo.

"Njoo uone maajabu ya mkwe wangu!" mama akaniambia. "Jiko linachemsha upesi, na umeme linakula kidogo!"

"Umelifanyaje, shemeji?"

Injinia akakohoa kidogo, kama mgeni rasmi. "Koili ilikuwa ndefu mno, shemeji. Nimekata kipande. Koili ndefu ina ukinzani mwingi. Na ukinzani ni nini? Ni ubishi! Umeme ukibishiwa unatumia nguvu nyingi kupita. Ukipunguza ubishi unapita kwa amani, mita inasinzia."

Ati ubishi! Mtu mzima, ana ndevu zake, ana watoto wanaomwita baba.

Nikatoa kwenye mkoba mita yangu ya kubana waya, nikapima kwenye waya mmoja umeme unaoingia kwenye jiko lile.

Ampia nane.

Jiko lile nililinunua mimi, nalijua. Lilikuwa linavuta ampia tano.

"Sikilizeni," nikasema. "Volti za ukutani ni 240, hizo hazijabadilika. Ukinzani ni volti ugawanye kwa ampia. Zamani 240 kwa tano, unapata omu 48. Leo 240 kwa nane, omu 30. Kweli ukinzani umepungua. Sasa njooni kwenye nguvu, ambayo ni volti mara ampia. Zamani wati 1200. Leo wati 1920. Jiko linakula zaidi, mama! Ndiyo maana linachemsha haraka."

"Hesabu za darasani hizo," Injinia akasema, na wengine wakatikisa vichwa kana kwamba wamewahi kuliona hilo darasa.

"Na waya huu wa kurefushia umeandikwa mwisho ampia sita," nikasema.

Waya huo ndio ulionitia hofu. Ulianzia kwenye soketi ya chumba cha bibi, ukapita chini ya godoro lake ili watu wasijikwae, ndipo ukatokea ukumbini. Na bibi miguu ilishagoma. Hainuki kitandani bila kushikwa.

Nikachomoa plagi ya jiko. Mama akaichomeka tena.

"Acha wivu, mwanangu."

Injinia akacheka mpaka testa ikaruka mfukoni. "Huyu ndiye ukinzani mwenyewe wa nyumba hii! Tukimkata yeye, kila kitu kitapita kwa amani."

Walicheka hao! Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo bibi alipoita kuhusu joto la godoro.

"Mkwe kampatia bibi hadi hita!" mjomba akadakia.

Nilikimbilia chumbani, nikachomoa plagi ukutani, nikambeba bibi, nikamlaza kwenye mkeka. Nikapindua godoro. Waya ulikuwa umelainika kama pipi iliyosahauliwa mfukoni, na sponji ilikuwa nyeusi, inafuka moshi. Bado kidogo tu ishike moto.

Nikarudi ukumbini, nikautupa ule waya miguuni mwa Injinia.

Akauangalia, akauma mdomo. "Waya feki huu. Watengenezaji wa siku hizi hawana dini."

"Kweli," mama akasema, "vitu feki vimezidi."

Mnasikia? Mama yake mzazi nusura aokwe, na yeye analaumu kiwanda.

"Shemeji," nikamuuliza, "kwako mnapikia nini?"

Akaanza kuisugua testa yake.

Dada yangu, aliyekuwa amekaa kona mchana kutwa bila neno, akasema akiangalia sakafu: "Mkaa. Jiko letu alilikata hivihivi. Soketi na nyaya za taa zikaungua zote. Usiku tunawasha mishumaa."

"Na umekuja hapa ukamwangalia anakata la mama, ukanyamaza?"

"Ni mume wangu. Ningemwaibishaje mbele za watu?"

Tangu mchana nilikuwa namdharau mtu mmoja. Hapo wakawa wawili.

Mama akashusha pumzi. "Basi, yaishe. Mkwe, chai yako inapoa."

Watatu.

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya bibi, kavu na kali. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu. "Ukinzani! We Ukinzani! Njoo unibebe. Mimi nahamia kwako, hawa waache na amani yao."

Nikambeba. Yuko kwangu mpaka leo, na jina la Ukinzani ndilo analoniitia akitaka chai.

Ndugu msomaji, ukinzani ndio unaouzuia umeme usije wote kwa mkupuo ukaunguza nyumba. Na nyumba yenu nayo ina mtu wa hivyo, yule mnayemwona mbishi kila kikao. Msimkate.

Na akija mwingine na testa mfukoni, kabla hujampigia makofi, muulize kama kwake taa zinawaka.